Mbachao na Msala Upitao: Idhaa Mpya na Wasikilizaji wa Nyanda za Juu Kusini

Wahenga wametuachia methali mbili zisizopatana. Moja yasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili yatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mwenye kituo cha utangazaji hutegemea ile ya kwanza kila anapofungua idhaa mpya: huamini kwamba upya wenyewe ni mvuto, na kwamba watu watauacha wimbi walilolizoea na kukimbilia analowanadia. Msikilizaji, aghalabu, huishi kwa ile ya pili. Historia ya redio katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, yaani Mbeya na Iringa pamoja na mikoa iliyomegwa ubavuni mwao, Njombe mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016, ni historia ya mvutano baina ya methali hizi mbili.

Huenda msomaji wa visiwani akauliza, tuna nini sisi na milima ya Rungwe na mabonde ya Iringa? Jawabu ni kwamba sisi tumelelewa na bahari, na bahari ni mwenyeji mwema wa mawimbi. Sauti ya Unguja, iliyoanza mwaka 1951, ilipita juu ya maji pasi na kizuizi, ikaingia barazani kama upepo wa kaskazi. Sisi tulidhani kusikika ni jambo la kawaida. Huko milimani kusikika kumekuwa ni jambo la kupiganiwa kila kizazi, na ndiko linakoonekana waziwazi swali ambalo leo linawasumbua watangazaji wa dunia nzima: kwa nini ni taabu kuwahamisha watu kutoka redio ya zamani na kuwatia katika idhaa mpya za dijitali?

Mlima na wimbi

Tuanze na ardhi. Mji wa Mbeya uko umbali wa zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, na Iringa uko njiani, kiasi cha kilomita 500. Mbeya umekaa chini ya mlima Loleza, na nyuma yake uko mlima wa Mbeya wenye kimo cha zaidi ya mita 2,800. Ukielekea kusini kwenye ziwa Nyasa unapishana na Rungwe, unaokaribia mita 3,000. Iringa nao umejengwa juu ya ukingo, mto Ruaha Mdogo ukipita chini yake. Kijiji kimoja kiko mgongoni mwa kilima na jirani yake kiko bondeni, na baina yao ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Lakini kwa wimbi la redio, pengine ni nchi mbili tofauti.

Kila aina ya wimbi ina tabia yake. Masafa mafupi hupanda juu, yakagonga tabaka la angahewa na kurudi ardhini mbali sana. Hayo hayajali mlima. Masafa ya kati hutambaa na ardhi mchana, na usiku hupata nguvu ya kwenda mbali zaidi. Masafa ya FM huenda kama jicho liendavyo: palipo na mlima huishia hapo, ila mengine machache yanayojipenyeza pembeni. Sauti ya FM ni safi kuliko zote, lakini ndiyo yenye macho mafupi kuliko zote. Kwa hiyo kila hatua iliyoitwa maendeleo ya redio, kwa mtu wa bondeni ilikuwa ni biashara ya kubadilishana: apewe usafi, atoe umbali.

Dijitali imeongeza sharti jingine. Redio ya FM inapodhoofika, hudhoofika kwa adabu: huanza kukoroma, ikavuma, lakini aliyeizoea bado hufuata maneno, kama mtu anayemsikiliza babu yake mwenye kikohozi. Matangazo ya dijitali hayana ukorofi huo wala hayana huruma hiyo. Ama yapo kamili, ama hayapo kabisa. Mtu wa mjini anayenadiwa kwamba dijitali haina mikwaruzo husikia sifa. Mtu wa bondeni, aliyeishi miaka yote kwa neema ya mikwaruzo, husikia kitisho cha kimya.

Sufuria ya buluu

Kisa cha kwanza kinachofaa kukumbukwa kilitokea jirani tu, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, katika nchi iliyoitwa wakati huo Rhodesia ya Kaskazini na sasa ni Zambia. Mwaka 1941, katika vita vikuu vya pili, serikali ya kikoloni ilianzisha kituo cha redio mjini Lusaka kwa ajili ya Waafrika. Kituo kilikuwepo, watangazaji walikuwepo, lugha za wenyeji zilikuwepo. Kilichokosekana ni wasikilizaji, kwa sababu redio za wakati ule zilikuwa ghali na zilihitaji umeme au betri kubwa za maji. Palitegemewa vipaza sauti vya hadharani.

Harry Franklin, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari huko, alitambua kwamba kunadi vipindi ni kazi bure ikiwa mtu hana chombo. Alihangaika miaka mingi kutafuta kiwanda kitakachokubali kutengeneza redio ya mtu maskini, na mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ikakubali. Redio hiyo ilifungwa ndani ya umbo la sufuria la alumini, ikapakwa rangi ya buluu, na watu wakaiita kwa jina hilohilo la sufuria. Bei yake ilikuwa paundi 5, na betri yake kavu paundi 1 na shilingi 5, ikidumu kwa kiasi cha saa 300. Hazikuwa fedha ndogo, lakini zilikuwa ni fedha ambazo mfanyakazi wa migodini angeweza kuzikusanya. Baada ya hapo ndipo kituo cha Lusaka kilipopata kuwa na wasikilizaji wake wenyewe.

Funzo la sufuria ni wazi, ingawa watangazaji husahau kila zama. Mtu haalikwi karamuni kwa kusifiwa pilau ilhali mlango umefungwa. Tangu 1941 hadi 1949 sauti ilikuwa hewani na masikio yalikuwa tayari; kilichosubiriwa ni ufunguo.

Tanganyika nayo ilipita njia hiyo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 ikiwa ni kituo kidogo cha majaribio, na ilikuwa kweli sauti ya Dar es Salaam, kwa jina na kwa umbali. Mitambo yenye nguvu zaidi ilipofungwa katika miaka iliyofuata, na Shirika la Utangazaji la Tanganyika likaundwa mwaka 1956, ndipo sauti ikaanza kufika bara kwa masafa mafupi. Lakini redio ya kuijaza nyumba za milimani haikuja na shirika. Ilikuja na transista. Katika miaka ya 1960 redio ndogo za betri kavu zilianza kutengenezwa nchini, Philips wakiwa Arusha na Matsushita, wenye redio za National, wakiwa Dar es Salaam. Sasa chombo kiliweza kubebwa begani hadi shambani, kikaning'inizwa kwenye mti wa parachichi, kikasikilizwa na wavunaji wa chai wa Mufindi na Rungwe bila ya yeyote kuacha kazi.

Sauti iliyoita majina

Kuwa na chombo ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni sababu ya kukifungua. Redio Tanzania Dar es Salaam, jina lililoanza kutumika mwaka 1965, haikuwa na mpinzani wa ndani Tanzania Bara kwa takriban miaka thelathini, na mtu angeweza kusema kwamba haikuhitaji kujinadi. Ukweli ni kwamba ilijinadi kwa njia ambayo haikuonekana kuwa tangazo.

Njia ya kwanza ilikuwa ni salamu. Aliyekuwa Makambako aliandika kadi, akailipia stempu, akasubiri wiki kadhaa, na hatimaye akasikia jina lake, la mkewe na la shemeji yake aliyehamia Mbozi likisomwa hewani mbele ya taifa zima. Mtu aliyetajwa redioni hakuhitaji kushawishiwa aisikilize redio hiyo. Tayari ilikuwa ni yake. Njia ya pili ilikuwa ni kuwakusanya watu. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kwa wiki 12 iliwaweka wanakijiji katika vikundi mbele ya redio, na vijitabu mkononi, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Viongozi wa vikundi waliofunzwa walikuwa kama 75,000, na washiriki wanakadiriwa kuwa watu wazima milioni 2. Kabla yake palikuwa na Wakati wa Furaha mwaka 1971, na baada yake Chakula ni Uhai mwaka 1975. Katika kampeni hizo kituo hakikusema "tusikilizeni". Kilisema "kutaneni", na redio ikawa ni mmoja wa waliokutana.

Njia ya tatu ilikuwa ni hadithi. Mwezi wa Julai 1993 ulianza mchezo wa redio wa Twende na Wakati, uliorushwa na vituo saba vya masafa ya kati. Dodoma peke yake ilitengwa hadi mwaka 1995, ikarusha vipindi vingine katika saa hiyo, ili watafiti wapate kulinganisha. Mmoja wa wahusika wake wakuu alikuwa Mkwaju, dereva wa malori ya masafa marefu, mwenye nyumba moja na wanawake wengi, na mkewe aliitwa Tunu. Kwa wakazi wa barabara kuu iendayo Zambia, wa Mafinga, Makambako, Uyole na Tunduma, dereva wa lori hakuwa mtu wa kubuniwa. Alikuwa akiegesha gari mlangoni mwao kila usiku, na maradhi ambayo mchezo uliyazungumza yalikuwa yakizika vijana wao. Watafiti waliona kwamba waliousikiliza walizungumza zaidi na wenzi wao juu ya uzazi wa mpango na ukimwi kuliko wale wa Dodoma ambao hawakuupata. Huo ndio unadi wa kweli wa redio: mtu kumuuliza jirani kisimani, jana Mkwaju alifanya nini?

Nimetaja mambo haya kwa kirefu kwa kuwa ndani yake mna mbachao ambao idhaa mpya hushindana nao. Watangazaji hudhani wanashindana na masafa ya kati yaliyochakaa. Wanashindana na kadi ya salamu, na kikundi cha chini ya mwembe, na Tunu.

Setilaiti juu ya paa la bati

Msala wa kwanza wa dijitali ulipita juu yetu sote, na wengi hawakuuona. Mwezi wa Oktoba 1998 ilirushwa angani setilaiti iliyoitwa AfriStar, mali ya kampuni ya WorldSpace iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Nia yake ilikuwa njema na kubwa: kuipa Afrika redio ya dijitali kutoka mbinguni, yenye makumi ya idhaa za habari, muziki na elimu, ili asiwepo tena mtu wa kufa kwa kukosa habari. Matangazo yalianza mwaka 1999.

Ukitazama kwa jicho la mtu wa milimani, lilikuwa ni jawabu la dua. Setilaiti ilisimama juu ya mstari wa ikweta, katika nyuzi 21 za mashariki, kilomita zipatazo 36,000 kutoka ardhini. Kutoka Mbeya ilikuwa juu sana, karibu na utosi. Hapana Rungwe wala Loleza ambao ungeweza kusimama baina yake na kijiji. Kwa mara ya kwanza katika historia, bonde lilikuwa sawa na kilele.

Lakini mlima ulipoondoka, kizuizi kingine kilijitokeza, nacho kilikuwa ni paa la bati. Wimbi lile halikupenya bati. Ilibidi antena itolewe nje au iwekwe dirishani, ielekezwe angani, na redio isitembee. Ile redio iliyozoea kwenda shamba, jikoni na kisimani sasa ilitakiwa ikae mahali pamoja kama kabati. Bei yake mwanzoni ilizidi dola 100 za Kimarekani, fedha ambazo kwa mkulima wa viazi wa Umalila zilikuwa ni ng'ombe. Baadaye idhaa nyingi zikafungwa kwa ada ya mwezi. Na sehemu kubwa ya zile idhaa zilizungumza Kiingereza na Kifaransa. Hapakuwa na aliyemwita shemeji wa Mbozi.

WorldSpace iliomba hifadhi ya mufilisi mwezi wa Oktoba 2008, na huduma zake zikakoma muda mfupi baadaye. Wako wanaosema ilishindwa kwa madeni, na ni kweli. Hata hivyo madeni yanalipika pale wateja wapatikanapo, na wateja hawakupatikana kwa wingi uliotarajiwa kwa sababu kampuni ilinadi anga. Ilisifu usafi wa sauti na wingi wa idhaa. Msikilizaji hakuwa amelalamika juu ya usafi wala juu ya wingi.

Linganisha na mambo yaliyotokea ardhini katika miaka hiyohiyo. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi, na Radio One ikaanza mwaka 1994. Redio Maria ilianzia Songea mwaka 1996. Kisha Mbeya ikapata vituo vyake, miongoni mwao Baraka FM ya Kanisa la Moravian na Bomba FM. Iringa ikapata Ebony FM na vinginevyo. Kyela ikapata redio yake ya jamii. Hivi navyo vilikuwa vipya, na wimbi lake lilikuwa fupi kuliko yote yaliyotangulia. Kwa nini basi vilipokewa?

Vilipokewa kwa sababu vilikuta jamii iliyokwisha kukusanyika. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Zaidi ya miaka mia moja ya ibada, shule na kwaya ilitangulia mnara wa redio, na kituo kilipofunguliwa kilikuwa ni kengele mpya ya kanisa la zamani. Redio Maria nayo ilinadiwa parokiani, mtu kwa mtu. Redio za vijana mjini Iringa na Mbeya zilitangaza misiba, mikutano, timu za mtaani na bei za soko. Tena hazikumwomba mtu anunue chochote: redio ya FM ilikuwa tayari nyumbani, na mnamo miaka ya 2000 ikaingia ndani ya simu ya mkononi, waya wa masikioni ukiwa ndio antena.

King'amuzi na namba iliyopotea

Msala wa pili ulikuja kwa amri. Mkutano wa Geneva wa mwaka 2006 ulikubaliana kwamba matangazo ya televisheni ya analojia yaachwe ifikapo tarehe 17 Juni 2015. Tanzania ilitangulia wengi barani: mitambo ya Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine, Mbeya ikiwamo, ikafuata. Visiwani nasi tulipitia mageuzi hayohayo, sisi tuliokuwa na fahari ya televisheni ya rangi tangu Januari 1974, miaka ishirini kabla ya Bara kuwa na televisheni yoyote.

Redio haikuzimwa. Lakini ilipata nyumba ya pili ndani ya kile chombo ambacho Kiswahili, kwa ufundi wake, kilikiita king'amuzi. Ving'amuzi vilibeba pia idhaa za redio, safi kabisa, bila malipo ya ziada mara nyingi. Je, nani anazisikiliza? Kufungua televisheni, kungoja iwake, kuzipita picha zote hadi kwenye orodha ya redio, kisha kukaa mbele ya kioo kisichoonyesha kitu: hiyo ni kazi isiyofanana na kusikiliza redio. Anayechambua maharage uani hawezi kubeba sebule nzima. Na umeme ukikatika, sauti nayo imekatika.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo nadhani watangazaji hawajalizingatia vya kutosha. Redio ya FM ina namba, na namba hiyo ndiyo anwani yake. Huimbwa katika vibwagizo, huandikwa kwenye migongo ya daladala, hupakwa kwenye kuta za maduka. Mtoto anaijua kabla hajajua kusoma saa. Zamani za masafa mafupi watu walitia alama ya rangi au ya kucha kwenye kioo cha redio, mahali pa stesheni waipendayo. Idhaa ya dijitali haina mahali. Imo ndani ya orodha, ndani ya orodha nyingine, na orodha yenyewe hubadilika mwenye king'amuzi apendapo. Katika simu ni vivyo hivyo: programu ipakuliwe, jina litafutwe, bando linunuliwe, na likiisha sauti inakatwa katikati ya neno. Redio ya kawaida haikumtoza mtu kila dakika anayosikiliza. Ya mtandao humtoza, ijapokuwa kidogo kidogo. Ni vigumu kumnadia mtu mahali pasipo na anwani, na ni vigumu zaidi ikiwa kila hatua ya kwenda huko ina nauli.

Kisha kuna fumbo la mnadi mwenyewe. Kituo chenye idhaa mpya hutangaza habari zake wapi? Hutangaza kwenye idhaa yake ya zamani, kwa kuwa ndiko waliko watu. Kwa hiyo sauti unayoipenda inakuambia, katikati ya kipindi unachokipenda, uiache uende kwingine. Ukitii, umekipunguzia kituo kile msikilizaji ambaye ndiye anayeleta matangazo ya biashara. Usipotii, tangazo limepotea. Ndiyo maana matangazo hayo huwa ya woga, yasemayo tupo na kule pia, na msikilizaji hubaki alipo.

Wala shida hii si ya milimani peke yake, wala si ya nchi maskini. BBC ilianza matangazo ya redio ya dijitali mwaka 1995, na mwaka 2002 ikafungua idhaa ya muziki iitwayo 6 Music, isiyopatikana kwenye FM. Miaka minane baadaye wananchi wengi wa Uingereza hawakuwa na habari kwamba ipo. Mwaka 2010 shirika likapendekeza kuifunga; hapo wapenzi wake wakaandamana na kuandika, magazeti yakaizungumza, na idadi ya wasikilizaji ikapanda hadi kupita milioni 1. Ikaokolewa. Tangazo lililofaulu kuliko yote lilikuwa ni tangazo la kifo chake, kwa kuwa hilo lilitoka vinywani mwa waliokuwa wakiipenda. Norway nayo ilichukua njia ya amri: mwaka 2017 ilizima FM ya idhaa za taifa, ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo, baada ya kujitayarisha tangu mwaka 1995. Nayo ni nchi ya milima na mabonde kama Mbeya. Lakini ni nchi tajiri, ambayo serikali ilihakikisha wimbi jipya limefika kabla ya la zamani kuondoka, na ambayo raia angeweza kununua redio nyingine, hata kama kwa manung'uniko. Atakayeiga kuzima bila kuiga matayarisho atakuwa ameiga kivuli.

Fungu la malenga

Wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa ushairi, na ni haki yao kuuliza fungu lao liko wapi katika hesabu hii. Liko palepale. Ushairi wa Kiswahili ulisafiri bara kwa vyombo: kwanza gazeti la Mambo Leo tangu mwaka 1923, kisha redio. Kipindi cha Malenga Wetu cha Redio Tanzania kilimfanya mtu wa Iringa, ambaye nyumbani husema Kihehe, na wa Tukuyu, ambaye nyumbani husema Kinyakyusa, wasikie mizani na vina kwa sikio, jinsi shairi linavyostahili kupokewa, na si kwa jicho tu. Aliyesikia akajaribu kutunga, aliyetunga akatuma, aliyetuma akasomwa. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alikwisha kuonyesha kwamba bara lina malenga wake. Redio ikawapa baraza.

Leo Tanzania ina zaidi ya vituo 200 vya redio. Nafasi ya ushairi haikuongezeka kwa hesabu hiyo. Mtu angetumaini kwamba dijitali, yenye idhaa nyingi na gharama ndogo ya kuongeza moja, ingeutengea ushairi nyumba yake: idhaa nzima ya mashairi, tenzi, taarab ya asili na ngano za Wabena na Wasafwa. Kwa ufundi, jambo hilo linawezekana. Lakini idhaa ya namna hiyo itafunguliwa na kufa kimyakimya kama itanadiwa kama ilivyonadiwa AfriStar. Mshairi kijana wa Vwawa hatahamia huko kwa sababu sauti ni safi. Atahamia siku atakayosikia kwamba shairi lake litasomwa huko, na kwamba atajibiwa.

Sisi wa visiwani tunalijua hili tangu zamani za santuri. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, mashine ya kupigia santuri haikuwa kitu kigeni tena. Ilikuwapo, ikiimba Kiarabu, Kihindi na Kizungu. Kwa wengi wa watu wetu ikawa ni chombo chao pale tu ilipotoa sauti waliyokwisha kuisikia kwa masikio yao ukumbini. Sauti ndiyo iliyokinadi chombo. Hapana zama ambayo chombo kiliinadi sauti.

Hivyo basi, tusimlaumu mkulima wa Makete anayeendelea kuishikilia redio yake ya betri, aliyoifunga kwa mpira na kuitia waya badala ya eriali iliyovunjika. Hakuogopa upya. Babu yake aliipokea transista na baba yake akaipokea FM kwa furaha, na yeye mwenyewe ana simu mfukoni. Kila mara familia hiyo iliuliza maswali yaleyale: je, chombo nitakimudu? Je, wimbi linafika hapa bondeni, na mvua ikinyesha je? Je, nitaisikia sauti ninayoijua? Je, nami nikisema, nitasikiwa? Idhaa iliyojibu ndiyo kwa yote manne ilipata nyumba. Iliyojibu kwa lugha ya mafundi ilipita.

Methali haikusema msala ni mbaya. Imesema usiache mbachao kwa ajili ya ule upitao. Mwenye msala mpya akitaka watu wauswalie, na autandike, akae juu yake, awaite kwa majina yao. Na mbachao usitolewe nje kabla hawajaketi.